Namba Isiyojua Ukubwa Wake

Tuchukue vigawanyo vitatu: 7, 8 na 9. Kila namba tutaiandika kwa mabaki yake matatu, kwanza baki la kuigawa kwa 7, kisha kwa 8, kisha kwa 9. Ukigawa 13 kwa 7 inabaki 6, kwa 8 inabaki 5, kwa 9 inabaki 4. Basi 13 inaandikwa (6, 5, 4). Namba 280 inagawika kwa 7 bila baki, kwa 8 bila baki, na kwa 9 inabaki 1. Basi 280 inaandikwa (0, 0, 1). Sasa mpe mtu maandishi hayo mawili bila kumwambia yametoka wapi, umuulize ipi kubwa. Hana pa kuanzia. Ile ndogo imejaa tarakimu kubwa, ile kubwa imejaa sifuri, na katika tarakimu zote sita hakuna hata moja inayojua habari ya ukubwa.

Wataalamu wa hesabu za kompyuta wanauita huu mfumo wa namba za mabaki. Kwangu ni mojawapo ya mambo mazuri kabisa katika fani nzima ya kompyuta, na uzuri wake haupo pale wengi wanapouonyesha. Husifiwa kwa kasi. Kasi ipo, na nitaieleza. Lakini kinachonishika zaidi ni swali linaloachwa nyuma kasi ikishapatikana: namba iliyovunjwa vipande ili ifanye kazi haraka inarudije kuwa namba nzima, na nani anailipia safari hiyo ya kurudi?

Namba tunazoandika kila siku zina vyeo. Katika 437, tarakimu ya kushoto inatawala: ni mia nne, na zile mbili za kulia haziwezi kuishinda hata zikiungana. Ndiyo maana tunalinganisha bei mbili kwa jicho tu, bila kupiga hesabu. Bainari, yaani namba za 0 na 1 zinazotumiwa na kompyuta, ni hivyo hivyo, isipokuwa vyeo vinapanda kwa kuzidishwa mara mbili badala ya mara kumi. Ila vyeo vina gharama yake. Mtoto wa shule ya msingi anayejumlisha 999 na 1 huikuta mapema: anaandika sifuri, anabeba moja, anaandika sifuri tena, anabeba moja, hivyo hivyo mpaka mwisho. Tarakimu ya kushoto kabisa haiwezi kujulikana mpaka habari itoke kulia kabisa na ipite kwa wote walio katikati.

Kubeba huku kumewasumbua watu wa mashine tangu kabla ya umeme. Charles Babbage, alipokuwa akibuni mashine yake kubwa ya hesabu huko London katika miaka ya 1830, alitumia nguvu nyingi kutafuta namna ya magurudumu kubashiri mibebo yote kwa pamoja badala ya kusubiriana. Saketi za leo zinafanya jambo la aina hiyo hiyo. Hazingoji habari ipite biti 64, yaani tarakimu za bainari, moja baada ya nyingine, bali zinabaini mapema wapi mbebo utatokea. Kungoja kumefupishwa sana, lakini hakujaisha, na kadiri namba inavyorefuka ndivyo gharama inavyopanda.

Mfumo wa mabaki unaufuta mbebo baina ya tarakimu. Tuzidishe 19 kwa 23. Kwa mabaki, 19 ni (5, 3, 1) na 23 ni (2, 7, 5). Nafasi ya kwanza inazidisha 5 kwa 2, inapata 10, na kwa kuwa inahesabu kwa 7 tu, inabakiza 3. Nafasi ya pili inazidisha 3 kwa 7, inapata 21, inabakiza 5. Ya tatu inazidisha 1 kwa 5 na kubakiza 5. Jibu ni (3, 5, 5). Hakuna nafasi iliyomngoja jirani yake wala kumuuliza kitu. Ungeweza kuwapa kazi hiyo watu watatu katika miji mitatu isiyo na simu, na kila mmoja angemaliza kwa wakati wake na kuwa sahihi. Gawa 437 kwa 7, kwa 8 na kwa 9, utaona mabaki ni yale yale, na 437 ndiyo 19 mara 23.

Kwa nini inawezekana? Kwa sababu 7, 8 na 9 hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Si lazima kila moja iwe namba tasa. 8 na 9 si tasa. Inatosha kwamba kila mbili kati ya hizo hazishirikiani chochote. Ikiwa hivyo, mabaki matatu yanatambulisha namba moja tu kati ya 0 na 503, kwa kuwa 7 mara 8 mara 9 ni 504. Ukifika 504 mabaki yote yanarudi sifuri na safari inaanza upya. Huo ndio uwanja wetu, na ndani yake hakuna namba mbili zenye mabaki yanayofanana yote.

Watu waliligundua hili zamani sana. Kitabu cha Kichina cha Sunzi, kilichoandikwa kati ya karne ya 3 na ya 5, kinauliza juu ya vitu visivyojulikana idadi: ukivihesabu kwa tatutatu vinabaki viwili, kwa tanotano vinabaki vitatu, kwa sabasaba vinabaki viwili. Jibu ni 23, na Sunzi anatoa njia pia. Zidisha baki la kwanza kwa 70, la pili kwa 21, la tatu kwa 15, jumlisha, kisha toa 105 mpaka ibaki namba ndogo. Inapatikana 233, unatoa 105 mara mbili, inabaki 23. Mwaka 1247 Qin Jiushao akaipa njia hiyo sura ya jumla, na mpaka leo vitabu vya hisabati duniani vinaiita Kanuni ya Mabaki ya Kichina. Hata kwetu pwani malighafi ya fikra hii ilikuwepo katika kalenda. Mwaka wa nairuzi, ule wa jua, ulihesabiwa kwa miongo ya siku kumikumi, huku juma la siku saba likienda njia yake. Mtu akisema leo ni siku ya tatu ya mwongo na ni Ijumaa, amekwisha kutaja siku moja tu katika siku 70, maadamu miongo inafuatana bila kukatika, maana 7 na 10 hazina cha kushirikiana. Mabaki mawili, siku moja.

Kuyaingiza mabaki ndani ya kompyuta ni jambo la karne ya 20, na lilianzia mahali ambapo wengi hawapatarajii. Antonín Svoboda alizaliwa Prague mwaka 1907. Misukosuko ya Vita vya Pili vya Dunia ilimkimbiza hadi Ufaransa, kisha Marekani, alikofanya kazi ya vifaa vya kukokotoa kwa ajili ya vita. Vita vilipokwisha alirudi nyumbani Chekoslovakia. Huko alijenga SAPO, kompyuta iliyokamilika mwaka 1957, na kwa kuwa relei zake, yaani swichi za sumaku-umeme, hazikuaminika, aliipa vitengo vitatu vya hesabu vilivyofanya kazi moja na kupigia kura jibu. Mtu anayefikiri hivyo, kwamba mashine hukosea na lazima ijengwe ikijua hivyo, ndiye aliyeweza kuuona mfumo wa mabaki kwa jicho la mhandisi. Katikati ya miaka ya 1950, yeye na Miroslav Valach walipendekeza kompyuta ihesabu kwa mabaki, na kompyuta ya EPOS iliyofuata ikatumia wazo hilo. Mwaka 1964 Svoboda aliiacha nchi yake akaenda Marekani, na huko ndiko alikofia mwaka 1980.

Wazo lilikwisha kuvuka mipaka kabla yake. Mwaka 1959 Harvey Garner alichapisha Marekani makala iliyoufafanua mfumo huu kwa wahandisi wa huko, na mwaka 1967 Nicholas Szabó na Richard Tanaka wakatoa kitabu kizima juu yake. Upande wa pili wa dunia iliyogawanyika, Izrail Akushsky na Davlet Yuditsky wa Umoja wa Kisovyeti walitoa kitabu chao mwaka 1968, na wao hawakuishia kwenye karatasi. Kompyuta K-340A, iliyohesabu kwa mabaki, ilihudumia rada za kulinda dhidi ya makombora. Kazi ya rada iliupenda mfumo huu kwa sababu maalumu. Kuchuja mawimbi yanayorudi kutoka angani ni kuzidisha na kujumlisha, kuzidisha na kujumlisha, maelfu kwa maelfu, kabla ya mtu yeyote kuuliza matokeo ni makubwa kiasi gani.

Hapo ndipo ilipo siri ya mfumo wote, na udhaifu wake pia. Mabaki ni mepesi maadamu huulizi ukubwa. Siku utakapouliza, lazima urudi kwenye namba yenye vyeo. Nasi tunauliza ukubwa kila mara. Programu ya benki inauliza kama salio linatosha. Mchezo wa simu unauliza kama mpira umepita mstari. Kila "ikiwa hii ni kubwa kuliko ile" katika kila programu ni swali ambalo mabaki hayawezi kulijibu yalivyo. Hayawezi hata kukuambia kama namba ni hasi, kwa kuwa katika uwanja wetu 503 na hasi 1 zote zinaandikwa (6, 7, 8). Hayawezi kukuambia kama jibu limevuka 504 na kuanza upya, na kugawa namba moja kwa nyingine ni taabu tupu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wa mbio hizi ni swali dogo la nani mkubwa. Ndiyo sababu kompyuta za mezani na za mfukoni hazikuhamia kwenye mabaki, na sioni kwamba zilikosea.

Basi tuiangalie kwa karibu safari ya kurudi, maana ndiyo kiini cha jambo. Tunayo (3, 5, 5) na tunataka bainari.

Njia ya kwanza ni ya Sunzi kwa namba zetu. Mizani yake, zinazoshika nafasi ya 70, 21 na 15 za Sunzi, ni 288, 441 na 280. Namba 288 inabakiza 1 kwa 7 na haibakizi kitu kwa 8 wala 9. 441 inabakiza 1 kwa 8 tu. 280 inabakiza 1 kwa 9 tu. Zidisha: 3 mara 288 ni 864, 5 mara 441 ni 2205, 5 mara 280 ni 1400. Jumla 4469. Toa 504 mara nane, inabaki 437. Kwa mkono ni jambo la dakika moja. Kwa saketi, lile neno "mara nane" ndilo linalouma. Nani ameijulisha mashine kwamba ni nane? Jumla imeuzidi uwanja mara kadhaa, na kujua ni mara ngapi ni sawa na kugawa kwa 504, namba ambayo bainari haiwezi kuigawia kwa kukata biti tu. Katika matumizi ya kweli, ambako vigawanyo ni vingi na uwanja una mamia ya biti, kutoa huku kwa mwisho ndiko kunakokula muda na nafasi ya saketi. Na zaidi ya hapo, mbebo tuliokuwa tumeufuta umerudi wote kwa pamoja, ndani ya jumla ndefu kuliko namba yoyote tuliyoanza nayo.

Njia ya pili inahusishwa na jina la Garner. Haijumlishi kwa mkupuo, inajenga kwa hatua. Anza na baki la kwanza, 3. Uliza: niongeze 7 mara ngapi ili baki la 8 liwe 5? Jibu ni mara 6, tunafika 45. Uliza tena: niongeze 56 mara ngapi, 56 ikiwa ni 7 mara 8, ili baki la 9 liwe 5? Jibu ni mara 7, na 45 jumlisha 392 ni 437. Namba sasa imeandikwa kwa tarakimu 3, 6 na 7, zenye uzito wa 1, 7 na 56. Tazama kilichotokea: vyeo vimerudi. Rudia hivyo kwa 13 utapata 6, 1, 0. Kwa 280 utapata 0, 0, 5. Tarakimu ya uzito mkubwa kabisa ni 0 kwa ile ya kwanza na 5 kwa ile ya pili, basi 280 ni kubwa, na swali tuliloanza nalo limejibiwa bila hata kufika kwenye bainari. Lakini jibu hilo halikuja bure. Tarakimu ya pili ilimngoja wa kwanza, ya tatu ikawangoja wote wawili. Uhuru wa mabaki umeuzwa ili kununua ujuzi wa ukubwa, na sijaona njia yoyote ya kurudi, hata iliyo bora, inayoepuka biashara hiyo. Zinatofautiana tu katika bei.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, maana inaonyesha akili ya mhandisi aliyeamua kuchagua vigawanyo kwa kuifikiria safari ya kurudi kabla hajaondoka. Mbona nilichagua 7, 8 na 9? Kwa sababu 8 ni 2 mara 2 mara 2, na hao wengine ni majirani zake wa kushoto na kulia. Kwa jumla unachukua kipeo chochote cha 2, ukapunguza moja, ukaongeza moja; watatu hao daima hawana kigawo cha pamoja. Sasa tazama. Baki la 8 kwa namba yetu ni 5, ambayo kwa bainari ni 101. Namba 437 kwa bainari ni 110110101. Biti tatu za mwisho ni zile zile 101. Baki la 8 lenyewe ni theluthi ya jibu, tayari, bila kazi yoyote!

Kinachobaki ni biti sita za mbele, yaani namba ambayo ni 437 ukitoa 5 na kugawa kwa 8. Hiyo iko chini ya 63, kwa kuwa 7 mara 9 ni 63, na 63 kwa bainari ni 111111, moja sita zilizopangana. Ukihesabu kwa 63, basi 64 ni sawa na 1, na hivyo mbebo unaotoka nje kushoto hautupwi wala haukufanyi ugawe kitu. Unarudishwa kulia kabisa na kujumlishwa. Kuzidisha kwa 2 nako ni kuzungusha biti hatua moja, ile ya kushoto ikiingilia kulia. Kwa saketi kuzungusha ni bure kabisa, ni kupanga nyaya kwa mpangilio mwingine.

Tuifanye. Kwa upande wa 7, toa baki la 8 kutoka baki la 7: 3 kutoa 5 ni hasi 2, ambayo kwa 7 ni 5. Kwa 7, 8 ni sawa na 1, basi kugawa kwa 8 hakubadilishi kitu. Kwa upande wa 9, 5 kutoa 5 ni sifuri, na hakuna cha kufanya. Tunatafuta namba chini ya 63 inayobakiza 5 kwa 7 na sifuri kwa 9. Mizani yake ni 36, inayobakiza 1 kwa 7 na kugawika kwa 9. Na 36 ni 32 jumlisha 4, vipeo viwili vya 2. Basi chukua 5, yaani 000101, izungushe hatua mbili: 010100. Izungushe tena kuanzia mwanzo, hatua tano: 100010. Jumlisha hizo mbili: 110110. Bandika 101 nyuma yake. Umefika: 110110101.

Hakuna kugawa kulikofanyika wala jedwali la majibu lililohifadhiwa kwenye kumbukumbu. Kutoa kidogo, mizunguko miwili na jumla moja. Wataalamu wameandika makala kwa makala wakipunguza kijumlishi kimoja hapa na ngazi moja pale katika saketi za namna hii, wakibadili vigawanyo, wakiongeza cha nne na cha tano ili uwanja upanuke. Kwa aliye nje ya fani inaweza kuonekana ni kazi ya kuhesabu punje. Mimi naona heshima kubwa ndani yake. Ni watu waliokataa kusifia kasi ya kwenda huku wakinyamazia gharama ya kurudi.

Kurudi huku kuna hatari pia, na hadithi yake nzuri zaidi inatoka kwenye usalama wa mtandao. Saini za kidijitali za RSA zinategemea namba kubwa iliyozaliwa na namba tasa mbili za siri. Mwaka 1982 Jean-Jacques Quisquater na Chantal Couvreur walionyesha kwamba mwenye siri anaweza kuhesabu kwa kila namba tasa peke yake, kisha akaunganisha, na akapata jibu kwa takriban robo ya kazi. Ni mfumo wa mabaki wenye vigawanyo viwili. Ukaenea, ukaingia hadi kwenye kadi za benki. Mwaka 1996 Dan Boneh, Richard DeMillo na Richard Lipton wakatangaza jambo la kutisha. Ikiwa nusu moja ya hesabu imekosea, kwa hitilafu ya umeme au kwa hila ya mtu, na nusu nyingine ni sahihi, saini inayotoka baada ya kuunganishwa inafichua siri yote. Kosa linabaki upande mmoja tu, na hiyo ndiyo sifa njema ya mabaki. Lakini kwa sababu limebaki upande mmoja, tofauti kati ya saini mbovu na iliyo sahihi inagawika kwa namba tasa moja na haigawiki kwa ile ya pili. Tafuta kigawo kikubwa cha shirika cha tofauti hiyo na ile namba kubwa, hesabu ya darasa la shule, na namba tasa ya siri inakuangukia mkononi. Dawa ni kuikagua saini kwanza kabla ya kuitoa nje.

Sifa hiyo hiyo ya kosa kutosambaa inaweza kuwa kinga, na nadhani hii ingemfurahisha Svoboda. Ongeza kigawanyo cha nne, 11, lakini endelea kuahidi kwamba namba zote halali ziko chini ya 504. Sasa 437 ni (3, 5, 5, 8). Baki lolote moja likiharibika, liwe lipi, namba inaruka nje ya uwanja halali, daima. Ukirudi kwa njia ya Garner, tarakimu ya nne inapaswa kuwa sifuri. Isipokuwa sifuri, unajua pana ubovu. Namba inabeba ushahidi wa uzima wake ndani yake yenyewe.

Katika miaka ya karibuni mfumo huu umepata kazi ambayo Svoboda wala Akushsky hawakuiota. Kuna usimbaji fiche unaoruhusu kompyuta ya mtu mwingine kukokotoa juu ya data iliyofungwa bila kuifungua: hospitali inaweza kupeleka takwimu za wagonjwa zikiwa zimefungwa, zikahesabiwa huko, zikarudi zimefungwa, na mwenye ufunguo peke yake akasoma jibu. Hesabu zake ni za kuzidisha na kujumlisha namba zenye mamia ya biti, mamilioni kwa mamilioni, na swali la ukubwa halipaswi kuulizwa hata kidogo katikati ya safari, kwa kuwa data imefungwa. Ni mazingira ambayo mabaki yalikuwa yanayangoja. Namba ndefu inavunjwa kuwa mabaki yanayoenea kila moja katika neno moja la biti 64, na prosesa ya kawaida inayahesabu sambamba.

Lakini hata huko kurudi kulisumbua, mpaka mwaka 2016 Jean-Claude Bajard, Julien Eynard, Anwar Hasan na Vincent Zucca walipoonyesha namna ya kufanya hatua ngumu bila kutoka kwenye mabaki. Mojawapo ya mbinu wanazotumia inaeleweka kwa mfano wetu. Punguza kwanza kila zao ndani ya nafasi yake, kabla ya kujumlisha, na jumla ya (3, 5, 5) inakuwa 360 na 189 na 392, yaani 941. Hiyo ni 437 na 504 moja tu ya ziada, badala ya nane. Kwa vigawanyo vitatu ziada haiwezi kuzidi mbili. Na badala ya kuhangaika kuiondoa, wanaiacha. Katika usimbaji huu kila namba tayari imechanganywa na kelele kidogo kwa ajili ya usiri, na ziada ile inahesabiwa kuwa sehemu ya kelele, kisha inasahihishwa baadaye kwa bei nafuu. Swali lililoitesa fani kwa miaka 60, la kutoa mara ngapi, limejibiwa kwa kuthibitisha kwamba pale halikuwa na haja ya kujibiwa papo hapo. Naona huo ni ujasiri wa akili wa kiwango cha juu.

Walimu wa hisabati wanaosoma haya, nawaomba kitu kimoja. Mwanafunzi akigawa na kupata baki, msimfundishe kwamba jibu ni lile la juu na baki ni takataka ya pembeni. Mpeni mabaki matatu mumwache atafute namba. Nanyi wasomaji wengine, chukueni kalamu: namba yenye mabaki (4, 2, 7) kwa vigawanyo 7, 8 na 9 ipo moja tu chini ya 504, na biti zake tatu za mwisho ni 010.